Kompyuta Inayopoteza Intaneti Kila Mara: Tafuta Kwanza Inapopotelea

Tarehe 30 Juni jioni, nyumba nyingi za Ruiru na Thika huwa na mtu aliyeketi mbele ya kompyuta akijaza ripoti yake ya kodi ya mwaka kwa KRA. Siku hiyo ikipita, mtu binafsi aliyechelewa hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Sasa chukua kwamba umefika ukurasa wa mwisho, umebonyeza kutuma, na papo hapo alama ya waifai kwenye kona ya skrini inatoweka. Baada ya dakika tano inarudi yenyewe kana kwamba hakuna lililotokea, lakini ukurasa umeshakutoa nje na ni lazima uanze upya. Ndivyo inavyowapata pia mwanafunzi anayeomba nafasi ya chuo, mfanyabiashara anayelipia leseni, na kijana wa Makongeni au Membley anayepata riziki yake kwa kazi za mtandaoni.

Intaneti iliyokatika kabisa ina nafuu. Unapiga simu kwa kampuni, fundi anakuja, mambo yanaisha. Hii ya kukatika-katika ndiyo yenye taabu, kwa sababu fundi akifika inafanya kazi vizuri, na akishafika kituo cha matatu inaanza tena. Hapo ndipo watu huanza kununua: ruta mpya, kifurushi kikubwa zaidi, hata kuhama kampuni. Mara nyingi pesa hizo hutoka kabla mtu hajajua shida iko wapi.

Maji yakikauka bombani, humwiti fundi mara moja. Kwanza unamuuliza jirani kama kwake yanatoka. Yakiwa yanatoka kwake, shida ni ya nyumba yako. Yasipotoka, shida iko kwenye bomba kuu. Intaneti nayo hupimwa hivyo hivyo. Ukianzia mezani pako, kuna kompyuta yenyewe. Kisha kuna mawimbi ya waifai kati yake na ruta, yaani lile boksi lenye taa ambalo kampuni ilikuachia. Kisha kuna ruta, kisha waya mwembamba wa faiba unaotoka nyumbani hadi kwenye nguzo, na mwisho mitambo ya kampuni na dunia yote iliyo nyuma yake. Kazi yako ya kwanza ni kujua ni wapi kati ya hapo panapovuja.

Uliza simu, kisha uangalie taa

Kompyuta inapopoteza intaneti, usiiguse bado. Chukua simu iliyounganishwa kwenye waifai ile ile, zima data ya simu, kisha ufungue ukurasa ambao hujawahi kuufungua. (Data ni lazima uizime, la sivyo simu itatumia bando lake kimyakimya na ikudanganye.) Simu ikifungua ukurasa bila shida, ruta na waya wa nje havina hatia. Tatizo ni la kompyuta. Simu nayo ikikwama, geukia ruta.

Taa za ruta husema mengi. Zote zikizima na kuwaka upya, kifaa kimekosa umeme hata kama ni kwa sekunde moja tu. Taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kupitia waya wa faiba, na hakuna utakachofanya kwenye kompyuta kitakachosaidia. Taa zikiwa kama kawaida yake na bado hakuna intaneti, angalia kwanza jambo dogo ambalo wengi huona haya kuliuliza: kifurushi cha mwezi kimelipiwa?

Kwa mkazi mmoja wa Kihunguro, jaribio la simu lingetosha kuokoa pesa. Kazi yake ni kusikiliza rekodi na kuziandika, akiwa ghorofa ya nne. Kwa wiki tatu kompyuta yake ilikuwa ikipoteza intaneti kila jioni, naye akalipa 4,500 kwa ruta mpya. Jioni iliyofuata ikapotea tena. Alipoulizwa kuhusu simu, akakumbuka kwamba watoto walikuwa wakitazama video sebuleni muda wote huo, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Kumbe kompyuta yake, iliyokuwa imetumika ng'ambo kabla ya kuuzwa huku, ilikuwa ikizima kadi yake ya waifai ili kuokoa betri kila alipokaa akisikiliza bila kugusa mtandao. Tiba yake haikuwa na gharama.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya kuanzia, chagua Device Manager, fungua orodha ya Network adapters, kisha ubonyeze mara mbili jina la kadi ya waifai. Ukiona sehemu ya Power Management, ondoa tiki kwenye sentensi inayoiruhusu kompyuta kuzima kifaa hicho ili kuokoa umeme. Isiposaidia, iambie kompyuta isahau mtandao wako, kisha uunganishe upya kwa nywila. Na kama shida ilianza baada ya kompyuta kujisasisha, huenda ikahitaji draiva mpya ya kadi hiyo. Ipakue kutoka kwa tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, wala si kwenye tovuti yoyote inayojitangaza.

Nambari mbili

Jaribio hili ndilo ningependa kila nyumba ilijue. Halihitaji ufundi, ila uvumilivu wa jioni moja.

Bonyeza pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na herufi R, andika cmd, kisha Enter. Kwenye dirisha jeusi litakalofunguka andika ipconfig na ubonyeze Enter tena. Tafuta mstari wenye maneno Default Gateway. Mbele yake kuna nambari, mara nyingi 192.168.1.1 au inayofanana nayo. Hiyo ni anwani ya ruta yako. Andika ping, acha nafasi, weka nambari hiyo, acha nafasi, kisha -t. Kompyuta itaanza kubisha hodi kwa ruta kila sekunde na kukuonyesha jibu. Sasa fungua dirisha la pili la aina hiyo na uandike ping 8.8.8.8 -t. Hiyo ni anwani ya Google, nje kabisa ya nyumba yako.

Acha madirisha yote mawili wazi na uendelee na shughuli zako. Intaneti ikipotea, tazama. Madirisha yote mawili yakianza kuandika Request timed out, njia imekatika kati ya kompyuta na ruta. La kwanza likiendelea kujibiwa huku la pili limenyamaza, nyumba yako iko sawa na shida iko kwenye ruta yenyewe au mbele yake. Yote mawili yakiendelea kujibiwa lakini kurasa hazifunguki, kilichokwama ni ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa nambari. Kwenye mipangilio ya mtandao weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 mahali pa DNS. Ukimaliza jaribio, bonyeza Ctrl na C.

Jambo moja la ziada. Ukiona anwani ya kompyuta yako mwenyewe inaanza na 169.254, maana yake ruta haikuipa anwani. Zima ruta, hesabu hadi 30, iwashe. Likirudia mara kwa mara, huenda vifaa vilivyounganishwa ni vingi kuliko ruta inavyoruhusu. Hili huonekana sana kwenye ploti ambapo waifai moja ya mwenye nyumba hugawiwa wapangaji wote.

Ukuta wa mawe na jirani wa juu

Tuseme majaribio yameelekeza kidole kwenye waifai. Kwa nyumba za huku kwetu, hilo halishangazi. Kuta nyingi ni za mawe ya Ndarugo na sakafu za ghorofa ni zege lenye vyuma ndani, na mawimbi ya waifai hayapendi yoyote kati ya hayo. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili. Yale ya 5 GHz ni ya kasi lakini huishiwa nguvu haraka ukutani. Yale ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi lakini ni ya polepole, tena ndiyo yaliyojaa watu. Kompyuta iliyo chumba cha ndani hujaribu ya kwanza, yanaishia njiani, inarukia ya pili, na katika kuruka huko wewe unaona imekatika. Tenganisha majina ya mitandao hiyo miwili kwenye ruta, kisha ya chumba cha ndani iache kwenye 2.4 peke yake.

Halafu kuna majirani. Katika ghorofa moja la Kwa Kairu au Githurai, kompyuta yako huenda ikaona waifai 20 au zaidi. Mawimbi ya 2.4 yana njia tatu tu zisizoingiliana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11. Nyumba zote zikijazana kwenye njia moja, ni kama matatu zote za asubuhi kutaka kupita kona moja. Andika anwani ya ruta kwenye kivinjari kana kwamba ni tovuti, ingia kwa nywila iliyobandikwa chini ya boksi, kisha uchague njia ambayo majirani wachache wanaitumia. Ukiwa humo, badilisha nywila hiyo ya kuingilia, kwani kila aliyewahi kugeuza boksi hilo anaijua.

Mahali pa ruta ni juu, katikati ya nyumba, mbali na friji na maikrowevu. Wengi huificha nyuma ya televisheni kwa sababu haipendezi. Nawaelewa, lakini iondoeni. Kama kompyuta yako haitoki mezani, kebo ya mtandao kutoka ruta hadi kwenye kompyuta inashinda dawa zote hizi, na pia ni kipimo: ukiunganisha kebo na shida ikaisha, waifai ndiyo iliyokuwa na makosa.

Wenye boksi la laini ya simu badala ya faiba, lipelekeni dirishani upande ulio na mlingoti wa kampuni. Hatua chache tu huleta tofauti kubwa.

Umeme na waya

Kuna nyumba ambayo intaneti hupotea saa kumi na mbili asubuhi na saa mbili usiku, na mwenyewe anadhani kampuni ndiyo hulemewa saa hizo. Aangalie shawa ya umeme. Hita hizo huvuta umeme mwingi kwa mpigo. Nyaya za nyumba zikiwa hafifu, taa hufifia kidogo, na adapta ya ruta iliyochoka huachia. Taa za ruta zikizima na kuwaka wakati mtu anaingia kuoga, umepata jibu. Chomeka ruta moja kwa moja ukutani badala ya ekstensheni iliyolegea, kisha ujaribu adapta nyingine yenye volti na ampea zilizoandikwa kwenye ile ya kwanza. Stima ikipungua nguvu nyumba nzima, hilo ni la fundi wa umeme aliyeidhinishwa au la Kenya Power, kwa nambari 97771.

Waya wa faiba una kioo ndani. Ukikunjwa sana nyuma ya kabati au ukibanwa na mlango, mwanga huvuja, na mawasiliano huwa ya kusuasua kabla ya kufa kabisa. Ufuate kwa macho kutoka ruta hadi dirishani. Usiukate, wala usichungulie ncha yake, maana mwanga uliomo hauonekani na unaweza kudhuru jicho. Huko nje nyaya hizi hutundikwa kwenye nguzo au hufukiwa kando ya barabara, na lori refu au tingatinga linalochimba mtaro huweza kukatia mtaa mzima huduma.

Mara chache kosa liko mbali zaidi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya nzima pamoja na nchi jirani. Siku kama hiyo kuzima na kuwasha ruta ni kuichosha bure. Uliza jirani anayetumia kampuni nyingine. Naye akilia, ngoja.

Kabla ya kupiga simu

Kuna kitufe kimoja cha kuogopwa: kile kidogo kilichozama nyuma ya ruta, kinachobonyezwa kwa sindano. Hakiwashi upya, bali hufuta mipangilio yote, pamoja na ile ambayo kampuni iliweka ili ikutambue. Ukikibonyeza, tatizo la kukatika-katika linageuka kuwa la kukosa kabisa hadi fundi aje. Na anayekupigia akidai ni wa kampuni, halafu akakuomba PIN ya M-Pesa au nambari iliyotumwa kwa simu yako, kata simu.

Weka daftari karibu na kompyuta kwa siku saba. Kila intaneti ikipotea andika tarehe, saa, simu ilikuwaje, taa zilikuwaje, na dirisha lipi la ping lilinyamaza. Mhudumu wa kampuni huwa na jibu lake tayari, kwamba uzime na uwashe. Ukimwambia kwamba tangu Jumatatu imekatika mara 14, taa ya LOS ikiwa nyekundu, na ruta ikijibu muda wote, hana budi kutuma mtu wa nguzoni. Omba nambari ya malalamiko. Kampuni isipolishughulikia, una haki ya kulifikisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo ofisi zake ziko Waiyaki Way, Nairobi, na ambayo kanuni za mwaka 2010 za kuwalinda wateja zinaipa kazi ya kukusikiliza. Huko nako wataulizia ulichofanya kwanza na kampuni, kwa hiyo nambari ya malalamiko iandike kwenye daftari lile lile, kando ya saa.