Zaburi na Mkristo wa Siku za Kazi



Katika bweni letu wako wavulana walioacha kuja katika sala ya jioni. Si kwamba wamemkana Mungu. Husema kwamba mtu aliyemtukana mwenzake bombani asubuhi kwa ajili ya ndoo ya maji hawezi kusimama jioni akaimba kama malaika. Waona aibu. Kwa sababu yao nimezisoma Zaburi zote 150, nami nataka kuwaeleza kidogo niliyoyaona.

Kitabu hiki si cha malaika hata kidogo. Zaburi za kulalamika ni nyingi kuliko za aina nyingine yoyote. Ya 13 ina aya sita tu, na katika mbili za kwanza mtunzi amwuliza Mungu mara nne taabu yake itaendelea mpaka lini. Ya 88 ni nzito zaidi. Nyingine huanza kwa kilio zikaishia kwa shukrani, lakini hii yaishia gizani. Hata hivyo Wayahudi waliihifadhi, na Kanisa likaipokea. Kama wazee wale wangalitaka sala za watu wakamilifu peke yao, wangaliitupa zamani.

Tena iko ya 51 (katika Biblia nyingine za Kikatoliki za zamani mtaiona ni ya 50). Kichwa chake chasema ni ya Daudi, nabii Nathani alipomjia kwa habari ya Bathsheba. Daudi alikuwa amekwisha kumtwaa mke wa mtu na kumwulisha mumewe vitani. Hakungoja awe mwema kwanza ndipo asali.

Lakini inayotugusa hasa sisi wa Juba ni ya 137. Vita vilianza mjini humu Desemba 2013, vikarudi Julai 2016. Tulikuwa watoto, wengine tulikulia Kakuma au katika kambi za Uganda, na huko ndiko tulikokipata Kiswahili hiki. Sasa twalala bweni moja, makabila mbalimbali, na kijana akiyakumbuka ya nyumbani kwao hupatwa na hasira, kisha hujiambia kwamba mwenye moyo kama huu si Mkristo. Basi na asome zaburi hiyo ya mateka wa Babeli. Yaishia kwa maneno ya kisasi makali mno, wala mimi sipendi yasomwe kwa sauti mbele ya watoto. Lakini mtunzi aliileta hasira yake mbele za Mungu, hakuificha moyoni mpaka imtafutie panga.

Hata watu wetu wamefanya kazi hiyo. Katika vita vya 1983 hadi 2005 Wakristo wa Kidinka walitunga nyimbo nyingi za kanisa zenye kilio na tumaini pamoja. Mary Alueel Garang, Mdinka wa Bor, ni mmoja wa watunzi wanaojulikana sana.

Anayetaka kuanza, na aanze na ya 120 mpaka ya 134, zinazoitwa nyimbo za kupanda. Wengi husema ziliimbwa na mahujaji waliokwenda Yerusalemu, yaani watu walio bado njiani, miguu ina vumbi. Ni 15, na zote ni fupi ila ya 132. Sisi wachache tutasoma moja kila usiku kabla ya taa kuzimwa, kuanzia Jumatatu. Biblia za Kiswahili tunazo nne tu. Mwenye yake aje nayo.