Miwani ya kusomea itaniharibia macho?

SWALI: Daktari, nina miaka 46, ni fundi cherehani. Mbali naona vizuri, lakini kutia uzi kwenye sindano siku hizi ni kazi, na simu naisoma nimenyoosha mkono. Wenzangu wanasema nikianza miwani macho yatazidi kulegea. Ni kweli?

JIBU: Si kweli. Nyuma ya mboni kuna lenzi laini inayojitunisha unapotazama kitu cha karibu, ili mwanga ukutane sawasawa kwenye retina. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi hiyo hukakamaa, haijitunishi tena vya kutosha. Humpata kila mtu, na huendelea miaka kadhaa uvae miwani au usivae. Wenzako wanailaumu miwani kwa kazi ya umri.

Mtoto asiyeona ubaoni ana tatizo jingine: mara nyingi jicho lake ni refu kuliko kawaida, mwanga hukutana kabla ya kufika retina, naye hupewa lenzi iliyobonyea katikati. Yako itakuwa iliyotuna, kwa umri wako pengine karibu na +1.50.

Miwani ya mitaani ina nguvu sawa pande zote mbili. Macho ya wengi hayako hivyo. Kapimwe, na uombe wakuangalie pia presha ya macho, maana hiyo huanza kimyakimya. Nenda na sindano na uzi wako, upimwe kwa umbali uleule unaoshonea. Ukiinuka kutembea, ivue.