Dondoo muhimu: Kuishi ndani ya nyumba ya mawe inapokarabatiwa

Nyumba ya familia Mji Mkongwe, Zanzibar, haianzi kuguswa bila kibali. Mji huu umo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000. Kibali kikishatoka, chagueni chumba kimoja cha kulala na kona ya kupikia. Mafundi wasiviguse mpaka kwengine kuishe. Kabla ya kutoa boriti hata moja, dari ishikiliwe kwa nguzo.

Kwenye kuta ndipo pa kusimama kidete. Fundi akisema saruji ni imara zaidi, mkatalie. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hupumua. Ukiupiga saruji, unyevu hukwama ndani, chumvi ikachomoza kama unga mweupe, lipu ikabambuka kwa kucha tu. Tumia chokaa iliyozimwa na kulazwa wiki kadhaa. Kila tabaka linyunyiziwe maji, likauke taratibu. Usiwaharakishe mafundi.

Vumbi la chokaa huunguza macho na kifua. Bibi na watoto walale mbali na kazi, mlango ukitundikwa shuka lililoloweshwa. Mlango wa nakshi ufunikeni mapema kwa kanga kuukuu.