Nyama Mbichi na Mifupa kwa Mbwa: Mlishe Bila Kuhatarisha Familia

Mbwa hulinda boma na mifugo, na siku ya kuchinja naye hupata fungu lake: mapafu, matumbo, mifupa, na kipande cha ini ambacho hakuna anayekitaka. Nyama na mifupa ni chakula kizuri kwa mbwa. Hata hivyo, viungo vya ndani vikiwa vibichi vinaweza kumwambukiza tegu anayewaletea watu ugonjwa wa vifuko vya maji. Somo hili linaeleza jinsi ya kuuzuia.

Ugonjwa unavyozunguka

Ukichinja kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia, huenda ukakuta vifuko vyenye maji kwenye ini au mapafu. Ndani yake mna viini vya tegu. Mbwa akila kiungo hicho kibichi, viini hukua tumboni mwake na kuwa tegu wadogo wa milimita chache tu. Baada ya takriban wiki 6 hadi 7, mbwa huanza kutoa mayai katika kinyesi. Mbwa mwenyewe haonyeshi dalili yoyote.

Mayai hayo hushika kwenye manyoya, udongo, mboga na maji. Mifugo huyala pamoja na nyasi. Mtu huyameza anapokula bila kunawa mikono baada ya kumshika mbwa, au anapokunywa maji machafu. Watoto wanaocheza na mbwa wamo hatarini zaidi.

Wengi hudhani kuwa mtu huambukizwa kwa kula ini lenye vifuko. Sivyo. Mtu huambukizwa na mayai yanayotoka kwa mbwa. Ndiyo maana kipande unachomtupia mbwa leo kinaweza kuwa chanzo cha ugonjwa nyumbani kwako.

Ndani ya mwili wa mtu, vifuko hukua polepole kwa miaka mingi, hasa kwenye ini na mapafu. Matibabu huchukua muda mrefu, na wengine huhitaji upasuaji. Nchini Kenya, Turkana inajulikana kwa kuathirika sana. Kuanzia miaka ya 1980 shirika la AMREF liliendesha huko kazi ya kuwapima watu, kuwafanyia upasuaji na kuwapa mbwa dawa.

Viungo vya ndani

1. Usimpe mbwa ini, mapafu wala kiungo chochote cha ndani kikiwa kibichi, hata kama huoni kifuko.
2. Chemsha viungo hivyo kwa angalau dakika 30 tangu maji yaanze kutokota. Vikate vidogo ili moto upenye. Usitie chumvi wala vitunguu. Vitunguu vina sumu kwa mbwa.
3. Kiungo chenye vifuko kichome, au ukizike kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua.
4. Wafungie mbwa mbali na mahali pa kuchinjia hadi usafi umalizike.
5. Mnyama aliyekufa ghafla usimpasue, wala usimpe mbwa nyama yake. Huenda ni kimeta. Mwite afisa wa mifugo.

Nyama na mifupa

Nyama ya mnofu inayotolewa mbichi iwe imekaguliwa na kupigwa mhuri. Hata hivyo bado inaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Osha kisu, ubao, chombo cha mbwa na mikono kwa sabuni.

Mfupa uliopikwa au kuchomwa huvunjika vipande vyenye ncha, na vipande hivyo vinaweza kutoboa utumbo. Usimpe mifupa ya kuku iliyobaki mezani. Mpe mfupa mbichi, mkubwa kuliko mdomo wake ili asiumeze mzima, na ukae karibu anapoguguna. Mifupa migumu ya miguu ya ng'ombe inaweza kumvunja meno. Ukibaki mdogo, uondoe. Akitapika mara kwa mara, akishindwa kwenda choo au akitoa damu, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa.

Kwa kifupi: viungo vya ndani vipikwe, mifupa isipikwe.

Dawa ya minyoo

Si kila dawa ya minyoo huua tegu. Mwulize daktari wa mifugo kuhusu prazikwanteli, inayotolewa kulingana na uzito wa mbwa. Mpe angalau mara 4 kwa mwaka. Dawa haiui mayai, kwa hivyo mfungie mbwa siku chache baada ya kumpa, kisha uchome au uzike kinyesi chake.

Jipime

Je, mbwa wako alipata nini mara ya mwisho mlipochinja? Alipewa dawa lini? Watoto hunawa mikono kabla ya kula? Ukipata pengo, anza kuliziba leo.

Mtu mwenye uvimbe tumboni, maumivu chini ya mbavu za kulia au kikohozi kisichoisha afike kituo cha afya. Kwa ushauri kuhusu mbwa na mifugo, tembelea ofisi ya mifugo katika wadi yako.