Aitwe nani anayetangulia? Msamiati wa kufungua njia mpya kwa msomaji wa Burungu

Utangulizi

Katika somo la tafsiri tulipewa kifungu kifupi cha Kifaransa kuhusu watu wanaofungua njia mpya ya matembezi milimani. Wanatangulia wachache kutafuta mahali njia itakapopita, wanafunga vibendera vya rangi kwenye miti, kisha wanafuata wengine wenye mapanga na majembe. Wote wanafanya kazi bila malipo. Sharti la zoezi lilikuwa moja: kila mwanafunzi atafsiri kwa ajili ya wasomaji wa mahali anapopajua.

Mimi nilichagua Burungu, katika Masisi, kusini mwa Kitshanga, kwenye barabara inayotoka Sake. Huko ndiko kwa wazazi wangu. Watu wa huko wanasema Kihunde, Kinyarwanda na Kiswahili, na kutembea milimani si mchezo kwao: ni kwenda shambani, malishoni, sokoni na kanisani. Tangu mapigano yalipofika Kitshanga mwezi wa Januari 2023, kutembea kumekuwa pia kukimbia.

Kifungu hakina istilahi ngumu. Hata hivyo maneno yake matatu ya msingi, éclaireur, fanion na volontaire, yana visawe vya kamusi ambavyo huko Masisi vinaweza kumletea mtu matatizo. Katika makala hii ninaonyesha kwa nini, na ninapendekeza maneno mengine. Nitaanza na neno lenyewe «njia», kwa sababu lina somo la sarufi litakalotusaidia mbele.

1. Njia na sauti iliyopotea

Mtu wa Burungu anayejua Kinyarwanda na Kiswahili ana hazina mdomoni mwake bila kujua. Tulinganishe, tukiongeza Lingala:

inzira (Kinyarwanda), nzela (Lingala), njia (Kiswahili);
inzara, nzala, njaa;
imvura, mbula, mvua.

Mpangilio ni uleule. Mahali ambapo Kinyarwanda kina r na Lingala ina l, Kiswahili hakina kitu: konsonanti imeanguka na irabu mbili zimekutana. Ndivyo ilivyo pia kwa ukuguru na mguu. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanaziweka sauti hizi zote chini ya mzizi mmoja wa kale.

Lakini sauti iliyopotea haikwenda mbali. Tukimnyambua mtendaji kwa kauli ya kutendea, inarudi: fungua huzaa fungulia, pasua huzaa pasulia, toa huzaa tolea. Mwanafunzi wa darasa la kwanza huambiwa kwamba l «inaongezwa» ili irabu zisigongane. Kihistoria ni afadhali kusema kwamba l ilikuwapo, ikabaki pale ilipokingwa na kiambishi. Na Kiswahili chetu cha Kivu hakikuiacha kabisa hata katika umbo la msingi: watu wengi husema «kufungula mlango» pale ambapo Kiswahili sanifu kinasema kufungua. Kwa hiyo mtu wa Burungu anaposema «tufungule njia», asichekwe kwamba ameharibu lugha. Ametamka umbo ambalo msemaji wa lugha jirani za Kibantu anaweza kulitambua mara moja.

Kwa kazi ya kifungu chetu tuna vitenzi vya kutosha: kutafuta njia, kufungua njia, kupasua njia, kufyeka njia. Havilingani. Kutafuta ni kazi ya macho na miguu. Kufyeka ni kazi ya panga. Kupasua kunaeleza nguvu, pale ambapo hapakuwa na pito lolote. Kufungua kunabeba matokeo: kuanzia leo watu wanaweza kupita. Majina nayo yanatofautiana. Kijia ni njia ndogo, ujia ni mwembamba, njia ya mkato inapunguza mwendo, na njia ya panya ni ya mtu asiyetaka kuonekana. Hili la mwisho lisitumike hata kwa utani katika tafsiri yetu.

2. Anayetangulia: si skauti, si mpelelezi

Kwa éclaireur kamusi zinatupa «mpelelezi» au «skauti». Skauti kwetu ni kijana mwenye skafu shingoni, mwanachama wa chama chenye ahadi na sheria zake. Hafai.

Mpelelezi ni neno zuri la Kiswahili sanifu. Kenya na Tanzania kuna ofisi za polisi zenye neno upelelezi katika majina yao, nazo zinachunguza makosa ya jinai. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanawajua watu 12 waliotumwa na Musa kuangalia nchi ya Kanaani kama wapelelezi. Lakini tukumbuke walitumwa kwa ajili gani: nchi ile ilikuwa itwaliwe. Maana hiyo ndiyo inayosikika kwanza katika Masisi. Mpelelezi ni mtu anayekuja kuangalia kilima ili wengine waje baada yake na bunduki.

Niliwasomea sentensi ya kwanza wazee watatu wa Burungu ambao sasa wanaishi Goma, kwa namna mbili. Ya kwanza ilisema «vijana wanapeleleza njia mpya». Ya pili, «vijana wanatangulia kutafuta njia mpya». Kwa ile ya kwanza shangazi yangu aliuliza palepale: wanapelelezea nani? Hakuuliza kuhusu njia. Kwa ile ya pili aliuliza njia itatokea wapi. Swali la pili ndilo ambalo mwandishi wa kifungu angependa kuulizwa.

Kwa upande wa sarufi swali la shangazi ni la maana. Kitenzi kupeleleza kinamwita mhusika wa tatu aliyetuma, hata asipotajwa. Kutangulia kinamwita mhusika wa namna nyingine, yaani yule atakayefuata. Anayepeleleza ana bwana nyuma yake. Anayetangulia ana wenzake.

Kiswahili cha misafara ya karne ya 19 kilikuwa na neno la kazi hii hasa: kirangozi. Richard Burton, aliyetoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika katika safari ya 1857 hadi 1859, anamweleza mtu huyo akiwa mbele ya wapagazi, na bendera nyekundu ya Zanzibar ikitangulia msafara. Neno hilo tunalo leo kama kiongozi. Msomaji ataona kwamba umbo la zamani lina r mahali ambapo kiongozi halina kitu. Ataona pia kwamba ingawa lina ki- ya ngeli ya vitu, tunasema «kiongozi huyu», si «kiongozi hiki». Kwa bahati mbaya kiongozi wa leo amepanda cheo. Ni mtu wa mkutano na wa redio. Kwa hiyo ninapendekeza «mtangulizi wa njia», au kwa urahisi zaidi «wanaotangulia».

3. Bendera, kitambaa, tawi

Neno bendera lilitoka kwa Wareno, bandeira, na limeenea lugha nyingi za Afrika ya Mashariki. Kibendera ni udogo wake, na kamusi itaridhika. Lakini katika mji mdogo wa Masisi bendera juu ya kilima haisemi «pita hapa». Inasema nani anakishika kilima. Akitokea kijana na mfuko wa vibendera, hata viwe vidogo kama kiganja, swali litakuwa ni vya nani.

Katika nchi nyingine alama za njia zimepewa sura isiyoweza kuchanganywa na bendera. Njia ya Appalachian huko Marekani, ambayo Benton MacKaye aliipendekeza mwaka 1921 na ikakamilika mwaka 1937, ina urefu wa karibu kilomita 3,500 na inatunzwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea. Alama yake ni mstari mweupe uliopakwa kwenye mti, upana wa karibu sentimita 5 na urefu wa sentimita 15. Mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, inamwambia mtembezi awe macho, kwa mfano njia inapokata kona. Hiyo ni sarufi ndogo: alama moja ni neno, alama mbili ni sentensi ya tahadhari.

Misafara yetu nayo ilikuwa na sarufi yake. Penye njia panda waliotangulia waliweka tawi au walichora mstari kwa mguu kukata njia isiyofaa, ili wa nyuma wasipotee. Tofauti inastahili kuzingatiwa. Mstari mweupe wa Appalachian unakubali: ndiyo, ni hapa. Tawi la kirangozi linakataa: si huku. Mtafsiri anayeandika «alama» peke yake hajasema ni alama ya namna gani.

Kuna jambo la rangi pia. Katika kazi ya kuondoa mabomu ya ardhini, kanuni za kimataifa zinatumia nyekundu kwa upande wa hatari na nyeupe kwa upande salama. Mahali palipopitiwa na vita, kufunga kitambaa chekundu ili kumkaribisha mtu apite ni kumwandikia sentensi ambayo mwingine ataisoma kinyume. Kifungu cha Kifaransa hakitaji rangi gani. Katika tafsiri yangu nimeandika «vitambaa vya manjano», na ninakubali kubishiwa na walimu kwamba nimeongeza neno. Jibu langu ni kwamba msomaji wa Burungu hawezi kusoma «vitambaa vya rangi» bila kuuliza rangi ipi, na jibu lake linaweza kuwa la uhai wa mtu.

4. Mwenye kujitolea

Kujitolea ni neno lililojengwa vizuri: ji- ya kujirejea, mzizi wa kutoa, na kauli ya kutendea iliyorudisha ile l ya sehemu ya kwanza. Mtu anajitoa kwa ajili ya kitu. Kiswahili kinasema wazi jambo ambalo volontaire hakisemi, kwa sababu neno hilo la Kifaransa linataja nia tu, bila kutoa kwenyewe.

Huko kwetu kuna maneno mawili yanayolizunguka. La kwanza ni salongo, kutoka Lingala, lililoenea katika miaka ya 1970 chini ya Mobutu: kazi ya pamoja ya kusafisha barabara, kufyeka na kuchimba mifereji. Salongo haina malipo, lakini haikuwa ya hiari. Asiyefika aliulizwa sababu. Hadi leo mtu akiona kundi lenye mapanga njiani atasema «wanafanya salongo», na neno hilo halitishi mtu. La pili ni volontaire lenyewe. Tangu vita vya M23 viliporudi, wanamgambo wanaoitwa Wazalendo wanajulikana rasmi kama volontaires pour la défense de la patrie. Kwa hiyo mtu akisema katika Masisi leo kwamba yeye ni volontaire, msikilizaji anaweza kutafuta silaha yake kwa macho.

Ninapendekeza tusikope. «Watu wa kujitolea» itoshe, na penye nafasi tuongeze kazi yenyewe: «watu wa kujitolea wanaofyeka njia». Kazi ikitajwa, panga mkononi linapata maelezo.

5. Mu, ku na pa

Mwisho ni jambo dogo la sarufi lenye faida kubwa kwa anayetoa maelekezo. Kiswahili sanifu kinatia -ni mwishoni: njiani. Umbo ni moja, na tofauti ya ndani, upande na mahali hasa inajitokeza katika upatanisho tu: njiani humu, njiani huku, njiani hapa. Kiswahili cha Kivu kinaweka tofauti mbele ya jina: mu njia, ku njia, pa njia. Linganisha:

«Kitambaa kiko ku njia», yaani upande wa njia, kwenye mti ulio kando;
«Nyoka iko mu njia», yaani ndani, pale unapokanyaga.

Katika Kiswahili sanifu sentensi zote mbili zinaweza kuwa «njiani», na msomaji akaachwa kukisia. Simwambii mwanafunzi aandike mu njia katika mtihani. Ninasema kwamba anayeandika kwa sanifu alipe deni hilo kwa maneno mengine: kando ya njia, katikati ya njia, mwanzoni mwa njia.

Hitimisho

Hii ndiyo tafsiri ninayopendekeza kwa sentensi za mwanzo:

«Wachache wanatangulia kutafuta mahali njia itakapopita. Wanafunga vitambaa vya manjano kwenye miti iliyo kando ya njia, na penye njia panda wanaweka tawi upande usiofaa. Wanaofuata wanafyeka. Wote ni watu wa kujitolea, na hakuna aliyewatuma ila wale watakaopita.»

Sehemu ya mwisho haimo katika kifungu cha Kifaransa. Nimeiweka kwa sababu inajibu swali ambalo kila mtu wa Burungu atauliza kabla ya kuendelea kusoma. Tafsiri isiyojibu swali la msomaji wake imehamisha maneno tu. Siku watu wa milima ile watakaporudi wote na kutaka kufungua tena njia zilizoota majani, watahitaji majina ya kazi hiyo yasiyomtia mtu hofu. Majina hayo yamo tayari katika Kiswahili.

Maswali ya mazoezi

1. Tafuta jozi nyingine tatu za Kinyarwanda na Kiswahili zinazoonyesha kuanguka kwa r/l, na uhakikishe kwa kauli ya kutendea pale inapowezekana.
2. Eleza tofauti ya wahusika wanaoitwa na vitenzi kupeleleza, kukagua na kutangulia.
3. Andika maelekezo ya hatua kumi kutoka nyumbani kwako hadi sokoni kwa Kiswahili sanifu, bila kutumia -ni. Kisha yaandike kwa mu, ku na pa. Ni yapi yanayoweza kumpoteza mgeni?