Tembe ya Wagogo: Mwongozo kwa Mgeni wa Dodoma

Ukishuka Dodoma kwa treni ya SGR, iliyoanza safari zake kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, usitarajie kuona tembe mjini. Mji ni wa ghorofa na mabati. Nyumba ya asili ya Wagogo huna budi kuitafuta vijijini, upande wa Chamwino, Bahi au Mpwapwa, mbali na barabara ya lami. Nenda na mwenyeji, na kabla ya yote mpite kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kwa nje tembe haijionyeshi. Ni nyumba ndefu ya kimo kifupi, paa lake bapa limefunikwa udongo, na rangi yake ni ileile ya ardhi inayoizunguka. Ukuta wa nje hauna dirisha la maana, nao ulijengwa hivyo makusudi. Tembe kamili huzunguka ua, milango hutazama ndani, na ng'ombe hulala hapo katikati. Mwizi wa mifugo hana pa kupitia ila mbele ya macho ya wenye nyumba.

Ukikaribishwa, inama uingie, usubiri macho yazoee giza, kisha tazama nguzo. Ujuzi wa fundi umo humo. Kila nguzo ni gogo la mti mgumu lenye panda juu, limechimbiwa ardhini. Juu ya panda hulazwa miamba, juu ya miamba hupangwa boriti na fito zilizobanana, kisha majani, na mwisho udongo unaoshindiliwa. Mzigo wote huo hubebwa na nguzo. Ukuta wa fito zilizokandikwa udongo ni wa kuziba tu, ndiyo maana unaweza kumomonyoka na kukandikwa upya bila paa kutikisika. Wakulima wa Uingereza ya karne ya 15 walijenga kwa kanuni hiyohiyo: mihimili ya mwaloni ibebe, fito na udongo vizibe. Ila wao waliinua paa la mwinuko mkali kwa sababu ya mvua nyingi.

Dodoma hupata takriban milimita 600 tu za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo paa bapa linatosha. Udongo mzito huzuia jua kali la mchana, na usiku wa Juni na Julai, baridi ya uwanda huu ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari haipenyi upesi. Moshi wa jikoni, unaowasumbua wageni, hukausha miti na kufukuza wadudu. Juu ya paa huanikwa mtama, uwele na mboga za kukausha. Sijaona nyumba ya bati inayofanya kazi zote hizo.

Tembe zilipungua sana baada ya Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, familia zilipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Miti mikubwa nayo imeadimika, na bati limekuwa dalili ya maendeleo.

Nenda kati ya Juni na Oktoba, njia zikiwa kavu. Salimia kwa "Mbukwenyi" na usubiri kujibiwa kabla ya kuuliza lolote. Usipige picha bila ruhusa, hasa ndani na zizini, wala usipande paani: fito zilizoliwa na mchwa hazionekani kwa juu. Asiyeweza kufika Dodoma aende Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, ambako nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, ya Wagogo ikiwamo.

Ukipata mzee aliyewahi kujenga, muulize alichagua mti gani kwa nguzo na kwa nini, kisha uandike majibu yake kwa jina la mti la Kigogo. Wanaojua wanazidi kupungua.