Ramani Inayokatika Kwenye Paneli

*Ofisi yenye vyumba vya seva Thika na Ruiru imesajili swichi zote katika NetBox, lakini kebo ikifika kwenye pachi paneli, ramani hukatika. Kosa liko wapi?*
*Fundi wa mtandao, Thika*

Tatizo hilo ni la kawaida na halilazimu kazi kuanzwa upya. Pachi paneli, yaani bamba la matundu ambamo kebo za ukutani hukomea, haichakati data bali huipitisha tu, na ndiyo sababu NetBox, programu huria iliyotolewa mwaka 2016, huihesabu kwa pande mbili: tundu la mbele linalopokea kebo fupi ya swichi, na la nyuma linalobeba kebo ya kudumu, ambayo ikiwa ya shaba haipaswi kuzidi mita 90. Aghalabu ramani hukatika kwa kuwa tundu la mbele halijafungamanishwa ipasavyo na la nyuma.

Ianzwe paneli moja ya matundu 24, lebo za ncha zote mbili zikisomwa pale pale kwenye raki, wala si kwa kumbukumbu, maana fundi akihama huondoka nayo. Kebo isiyo na lebo isichomolewe kwa kubahatisha, bali ifuatiliwe kwa kifaa cha toni. Fiba ya kati ya majengo ikiwa haijulikani inakoishia, aitwe mkandarasi mwenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.